Nilivyojenga Kichanganuzi cha Kiingereza, na Kosa Nililolifanya

Wengi wenu mmeniuliza habari za ile "mashine ya Kiingereza" iliyosemwa sana mabwenini muhula huu. Wengine husema kwamba inasahihisha insha, na wengine ati inajibu mitihani. Yote mawili si kweli. Basi nimeona ni vema niandike habari zake katika gazeti letu tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na kosa nililolifanya, maana habari ya kazi bila habari ya makosa yake ni nusu ya habari.

Kwanza nieleze jinsi fikira hii ilivyonijia. Nyumbani kwetu ni hapa hapa Qurus, lakini mjomba wangu huuza vikapu na shanga mjini Karatu, kando ya barabara ya lami inayopitwa na magari ya watalii waendao Ngorongoro. Mjomba hakusoma sekondari. Likizo moja nilikaa naye siku nyingi, nikawa namsikiliza akizungumza na wageni. Nilijaribu kuyahesabu maneno yake ya Kiingereza, nayo hayakufika mia moja. Hata hivyo aliuliza habari za safari, alitaja bei, alikataa bei mbaya kwa heshima, na wageni wakacheka pamoja naye. Mimi niliyekwisha soma Kiingereza miaka mingi nilisimama kimya nyuma ya vikapu kwa kuogopa kukosea. Usiku nikajiuliza, "Mjomba ana nini ambacho mimi sina?" Jibu nililolipata ni hili: mjomba ana Kiingereza kidogo, lakini hicho kidogo anakijua chote.

Ninyi nyote mnaijua taabu ya Kidato cha Kwanza. Katika shule za msingi za serikali wengi wetu tulifundishwa kwa Kiswahili, na nyumbani tunasema Kiiraqw. Tukiisha kuvuka mlango wa sekondari, Historia ni kwa Kiingereza, Jiografia ni kwa Kiingereza, Baiolojia ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akijibu kila swali katika darasa la saba hunyamaza ghafula, na watu humdhania kwamba hana akili. Nilitamani kuwapa wadogo zetu Kiingereza kidogo wanachoweza kukijua chote, pamoja na kitu cha kuwaonyesha kama wamekitumia sawasawa, hata saa ambayo mwalimu hayupo.

Kitu hicho kinaitwa kichanganuzi. Msiliogope neno hili, maana kazi yake mnaifahamu. Tulipokuwa Kidato cha Tatu, Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha uchanganuzi wa sentensi kwa njia ya matawi. Alichora ubaoni mti uliopinduliwa, shina likiwa juu na matawi yakiwa chini. Shina ni sentensi. Tawi la kushoto ni kundi nomino, na tawi la kulia ni kundi tenzi. Matawi hayo yakagawanyika tena, mpaka kila neno likapata mahali pake. Kichanganuzi ni programu ya kompyuta ifanyayo kazi hiyo hiyo. Ukiipa sentensi, kwanza huikata iwe maneno. Pili hutazama katika kamusi yake kila neno ni la aina gani. Tatu huzijaribu kanuni zake moja moja, ili ione kama maneno yale yanaweza kuunganishwa yakawa mti mmoja kamili. Yakiweza, huchora mti. Yasipoweza, hukataa.

Nilimwendea Mwalimu wa Kompyuta nikamweleza shauri langu. Akaniuliza, "Je, unataka mashine ijue Kiingereza chote?" Nikajibu, "Naam." Akacheka, akasema kwamba hata mabingwa walianza kwa kupunguza. Akanieleza habari za Mwingereza mmoja, C. K. Ogden, ambaye mwaka 1930 alitoa Kiingereza chepesi chenye maneno 850 tu, ili wageni wajifunze kwa haraka. Akanieleza tena habari za Mmarekani Terry Winograd, ambaye kati ya mwaka 1968 na 1970, katika chuo cha MIT, alitengeneza programu iliyoweza kuelewa amri za Kiingereza na kuzitii. Lakini dunia yake yote ilikuwa ni vipande vya maumbo juu ya meza iliyochorwa ndani ya kompyuta. Ukiiambia iweke kipande chekundu juu ya kingine, iliweka. Nje ya meza ile haikujua kitu. "Basi wewe nawe," akasema Mwalimu, "tafuta meza yako."

Meza yangu ikawa ni Qurus. Nilichagua maneno 142 ya mambo tunayoyaona kila siku: ng'ombe, shamba, mahindi, maharage, mvua, mwalimu, taa, kisima. Nikaanza kuandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, iliyotungwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa watu mwaka 1991. Mwalimu aliniruhusu kutumia kompyuta moja Jumamosi na Jumapili baada ya kazi za mikono. Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa ile ile ya ubaoni: sentensi ni kundi nomino likifuatwa na kundi tenzi. Nikaandika "The farmer sees the cow." Mti ukatokea. Nilipiga kelele za furaha mpaka kiranja akaja kuuliza kuna nini.

Lakini furaha ile haikudumu, kwani taabu zilifuatana.

Taabu ya kwanza ilikuwa ni herufi moja tu, yaani "s". Mashine yangu ilikubali "The girl sing" na "The girls sings" bila kuona haya. Katika Kiswahili hakuna mtoto anayesema "wasichana anaimba," maana ngeli humwongoza. Kiingereza nacho kina upatanisho wake, lakini umefichwa. Hiyo "s" ni kama kondoo mmoja mwenye mazizi mawili: akilala katika nomino, kitenzi hakimpati, akilala katika kitenzi, nomino haimpati. "The girl sings; the girls sing." Nilikuwa nimeikariri sheria hii tangu Kidato cha Kwanza, lakini sikuielewa mpaka siku nilipolazimika kumfundisha asiyejua kukisia. Ilinibidi kuzigawa nomino zote na vitenzi vyote katika mafungu mawili, umoja na wingi.

Taabu ya pili ilikuwa ni maneno yenye kazi mbili. Niliandika "The cook cooks the beans," na "The women water the maize." Mashine ikaduwaa, kwa kuwa nilikuwa nimeliweka neno "water" katika fungu la nomino tu. Sisi tuna "maji" na tuna "kumwagilia," maneno mawili yasiyofanana. Waingereza wanalituma neno moja kazi zote mbili. Nikajifunza kwamba neno la Kiingereza halijulikani kwa sura yake peke yake, ila kwa mahali lilipokaa.

Taabu ya tatu ndiyo iliyonikesha. Nilitaka mashine ielewe maneno kama "the boy with the lamp." Nikaandika kanuni hii: kundi nomino ni kundi nomino, likifuatwa na kihusishi, likifuatwa na kundi nomino jingine. Kwa karatasi ilikuwa nzuri. Kwa mashine ilikuwa ni shimo. Ili kutafuta kundi nomino, ilianza kwa kutafuta kundi nomino. Na ili kulitafuta hilo, ikaanza kwa kutafuta kundi nomino. Ni kama kumwuliza mtu njia ya kwenda Karatu, naye akujibu, "Kwanza niulize mimi njia ya kwenda Karatu." Python kwa desturi huacha kazi ya namna hiyo ikizama ndani yapata mara 1000, kisha huikata na kutoa kilio. Nilikiona kilio kile majuma mawili. Dawa yake ikawa ni kuipindua kanuni: kwanza ichukue nomino ya kawaida, ndipo itazame kama kuna kihusishi mbele. Yaani imeze neno moja kwanza, kisha ndiyo iulize tena.

Nilipoisha kuponya hayo, mashine ikanishangaza. Niliipa "The teacher sees the boy with the lamp." Ikachora miti miwili! Nilidhani imeharibika. Nikaitazama vizuri, nikaona kwamba ina haki. Katika mti wa kwanza taa ni ya mvulana. Katika mti wa pili taa ni ya mwalimu, naye anaitumia kumwona mvulana. Kiswahili hututenganishia: "mvulana mwenye taa" si sawa na "anamwona kwa taa." Kiingereza kimeyaacha yote mawili katika sentensi moja, na msomaji huchagua bila kujua kwamba amechagua. Siku hiyo nilijiona kama bingwa.

Na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza waliposikia habari wakaanza kuja Jumamosi kujaribu. Mashine ilikuwa na majibu mawili tu: ikikubali huchora mti, na ikikataa huandika kwa herufi kubwa SI SENTENSI. Wengi walicheka walipokataliwa, wakajaribu tena. Lakini kulikuwa na kijana mmoja mpole, ambaye darasani hakuwa akinyosha mkono hata siku moja. Alikuja na daftari lake akasema, "Shikamoo, kaka. Naomba mashine iisome yangu."

Nikamwitikia nikalichukua daftari. Alikuwa ameandika: "When my father died, we sold the cow."

Niliiandika sentensi kama ilivyo, nikabonyeza. Mashine ikajibu mara moja: SI SENTENSI.

Wasomaji wapenzi, nami nilikuwa na macho, na nilikwisha soma Kiingereza miaka mitatu na zaidi. Lau ningaliisoma sentensi ile kwa akili yangu mwenyewe, ningaliona kwamba ni sawa kabisa. Lakini sikuisoma, nilikisoma kioo cha kompyuta. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii si sentensi. Kajaribu nyingine iliyo rahisi." Hakubisha. Alitoa kalamu akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, akaandika chini yake, "The cow is big." Mashine ikachora mti. Nikampongeza. Alirudi kila Jumamosi, na kila mara alileta sentensi za namna ile ile: "The cow is big. The farmer is big. The lamp is big." Mashine ilizikubali zote, nami nikahesabu kwamba anaendelea vizuri.

Baada ya majuma matatu Mwalimu wa Kiingereza aliniita ofisini. Alikuwa na lile daftari mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya upole, "Nani aliyeikata sentensi hii?" Nikajibu kwamba ni mwenyewe, baada ya mashine kuikataa. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tangu mwaka ulipoanza nimekuwa nikimtaka kijana huyu aniandikie jambo moja lililo lake. Hili ndilo la kwanza. Nawe umemfundisha kuandika kwamba taa ni kubwa."

Sikuwa na neno. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja katika chumba cha kompyuta, kwa ruhusa, nikaipa mashine sentensi ile tena ili nijue kwa nini iliikataa. Nilizipata sababu tatu. Ya kwanza, neno "my" halikuwamo katika kamusi yangu. Ya pili, sikuwa nimeweka vitenzi vya wakati uliopita, basi "died" na "sold" vilikuwa kwake ni sauti tupu. Ya tatu, sikuwa na kanuni ya "when," yaani sentensi moja kubebwa ndani ya nyingine. Sababu tatu, na zote zilikuwa upungufu wangu mimi. Hakuna hata moja iliyokuwa kosa la yule kijana. Yeye alijua kanuni tatu za Kiingereza zaidi ya mashine yangu, na mashine ikamwita mjinga kwa kinywa changu.

Nilimtafuta bwenini jioni ile. Ni vigumu kwa mtu wa Kidato cha Nne kumwomba radhi mtoto wa Kidato cha Kwanza mbele ya wenzake, lakini nilimkosea mbele ya wenzake, kwa hiyo radhi nayo ilifaa iwe pale pale. Nikamwambia, "Mdogo wangu, sentensi yako ilikuwa sawa. Asiyejua ni mashine, na aliyeifundisha vibaya ni mimi. Nakuomba unisamehe." Akatazama chini, akauliza, "Kwa hiyo niiandike tena?" Nikamwambia, "Iandike, na uandike itakayofuata."

Jumamosi iliyofuata tuliketi wawili. Nikaongeza "my" na ndugu zake, "your," "his," "her," "our," "their." Nikaongeza vitenzi vya wakati uliopita, na hapo kijana akanisaidia kuvitaja, maana Kiingereza hakina huruma katika vitenzi hivyo: "sell" huwa "sold," na "tell" huwa "told." Kisha tukaandika kanuni mpya: sentensi huweza kuwa neno "when," likifuatwa na sentensi, ikifuatwa na sentensi. Niliogopa kwamba tutaanguka tena katika shimo la mara 1000, lakini hatukuanguka, kwa sababu mashine humeza kwanza neno "when" ndipo iingie ndani. Tukabonyeza. Mti mkubwa ukatokea, mti wenye miti miwili midogo ndani yake: mmoja wa baba, na mmoja wa ng'ombe. Kijana aliutazama muda mrefu asiseme neno.

Jambo la mwisho nililolibadili lilikuwa dogo kuliko yote, nami naliona kuwa ndilo kubwa. Nilifuta maneno SI SENTENSI. Mahali pake sasa mashine huandika: "Kanuni ya sentensi hii siijui. Mwulize mwalimu." Programu ni ile ile na kanuni ni zile zile. Lakini jibu la kwanza lilikuwa uongo, na jibu la pili ni kweli. Kichanganuzi hakiwezi kamwe kusema kwamba sentensi ni mbovu. Kinaweza kusema tu kwamba katika kanuni kilizopewa hakikupata njia. Tofauti ya mambo hayo mawili ni tofauti ya kumwongoza mtu na kumnyamazisha.

Nimeisha kusoma habari za watu waliotangulia katika kazi hii kwa lugha yetu. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alianza mwaka 1985 kutengeneza programu za kuchanganua Kiswahili. Kazi hiyo ina ugumu wa namna nyingine, maana Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Tazameni neno "hatutawapelekea": "ha" ya kukanusha, "tu" ya sisi, "ta" ya wakati ujao, "wa" ya hao wanaopelekewa, kisha mzizi na mwisho wake. Mashine ya Kiingereza huanza kwa kutenganisha maneno. Ya Kiswahili haina budi kuanza kwa kulipasua neno lenyewe. Mungu akinijalia nikaendelea na masomo, nataka nijaribu kazi hiyo, na baadaye nijaribu Kiiraqw cha nyumbani, ambacho kitenzi chake mara nyingi hungoja mpaka mwisho wa sentensi.

Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu wa taifa, na baada yake tutaiacha shule hii. Kichanganuzi nitakiacha katika chumba cha kompyuta pamoja na daftari la kanuni zake, ili yeyote atakaye aongeze. Kwa sasa kina maneno 231 na kanuni 19. Wadogo zangu, kitumieni, lakini msikiogope. Wahenga walisema, "Asiyekujua hakuthamini." Mashine hii haiwajui. Siku itakapowaambia kwamba haiijui sentensi yako, usiikate kwa kalamu. Ipeleke kwa mwalimu, na kama ni sawa, fungua lile daftari uandike kanuni mpya.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne